Kanuni ya Wastani

Ipo akiba inayomfaa mwenyewe, na ipo akiba inayomtafuna. Zote mbili huanza kwa namna moja: mtu huketi mezani, kalamu mkononi, akajiuliza ni shilingi ngapi zinazoweza kupunguzwa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili, mkaazi wa nyanda za juu za Kisii, alizijua zote mbili, na ile ya kwanza nusura imwache bila paa.

Nyumba yake ya mawe aliijenga kwa miaka kumi na miwili, kutokana na mshahara na majanichai. Alipokwenda kuikatia bima, wakala alimweleza kuwa angelipa shilingi 2 kwa mwaka kwa kila shilingi 1,000 za thamani ya nyumba. Mwalimu akapiga hesabu. Kuijenga upya kungegharimu shilingi 4,000,000. Malipo basi yangekuwa shilingi 8,000. Binti yake alikuwa chuo kikuu wakati huo, na karo haingoji. Akaandika kwamba thamani ya nyumba ni shilingi 2,000,000, akalipa shilingi 4,000, akarejea kwake amechangamka.

"Hata ikiungua nusu," alimwambia mkewe, "hizo milioni mbili zitatutosha."

Hati ya bima iliandikwa kwa Kiingereza, kurasa tele za maandishi madogo. Aliitia sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo wa watoto, asiitazame tena. Malipo yenyewe hakuyakosa hata mwaka mmoja.

Mwaka wa sita, jioni moja ya masika, radi ilipiga. Kisii ni nchi ya radi, na wenyeji huitaja kama mtu atajavyo jirani mkorofi. Moto ulishika dari. Majirani walikuja na ndoo za maji, lakini ulipozimika vyumba viwili na nusu ya paa vilikuwa vimeteketea. Ashukuriwe Mungu, hapana aliyedhurika. Mkadiriaji hasara alifika, akapima, akaandika shilingi 1,200,000. Mwalimu akashusha pumzi, kwani kiasi hicho kilikuwa chini ya zile milioni mbili.

"Mwalimu, utalipwa laki sita," mgeni alisema kwa upole. "Nyumba uliikatia bima nusu. Kwa hivyo kila hasara, nusu huibeba kampuni na nusu huibeba wewe. Hiyo ndiyo kanuni ya wastani."

Wastani! Neno hilo alikuwa amelikokotoa kila mwisho wa muhula, akiwapangia wanafunzi alama zao. Hakudhani kwamba siku moja lingerudi kumsahihisha yeye. Alinuia kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyoundwa baada ya sheria ya bima kurekebishwa mwaka wa 2006. Lakini alipoisoma hati kwa mara ya kwanza, kamusi ubavuni, aliikuta kanuni hiyo imeelezwa bila utata, na saini iliyokuwa mwishoni ilikuwa yake. Kwa miaka sita alikuwa ameokoa shilingi 24,000. Kwa usiku mmoja alipoteza 600,000. Ng'ombe wawili waliuzwa na shamba la majanichai likakodishwa ndipo paa likaezekwa.

Hapo ndipo alipojifunza kuokoa. Safari hii aliitaja thamani kamili, wala hakukoma hapo. Aliuliza bei kwa kampuni tatu. Akakubali kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara ndogondogo, na malipo yakapungua. Aliweka kinga ya radi na vizima moto, akataka vihesabiwe. Akaunganisha nyumba na vyombo vyake katika hati moja. Jirani yake alikuwa amekosea kinyume: alijumlisha bei ya shamba, ilhali udongo hauungui, akawa analipia kisichohitaji kinga. Fauka ya hayo, mwalimu aliuliza yasiyofidiwa. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya wengi walioteketezewa mali waligundua kwamba hati zao hazikugusa fujo za kisiasa, maadamu kinga hiyo huuzwa kando.

Malipo yake mapya yalifika shilingi 6,500. Akiba ilikuwa shilingi 1,500 tu, tena iliyotokana na bei, si kwa kuificha kweli. Kila Januari huuliza bei ya saruji na mabati, akairekebisha thamani ya nyumba.

Ile hati sasa haikai sandukuni. Ameifasiri kwa Kiswahili katika daftari la mazoezi, na majirani huja kuiazima. Penye kanuni ya wastani ameongeza mfano wa nyumba ya shilingi 4,000,000 iliyokatiwa bima ya 2,000,000. Mwenye nyumba hiyo hakumtaja.