Mimba Ihesabiwe kwa Wiki Ngapi?

Liko jambo ambalo sisi wanawake wa kikundi cha Alhamisi tumelizungumza kwa muda mrefu, tena kwa sauti ya chini, maana si la kusemwa mbele ya watoto. Ni habari ya sheria ambayo wabunge wa Marekani wamekuwa wakiipendekeza mara kwa mara, kwamba mimba ikishafikisha wiki kadhaa isitolewe popote katika nchi ile nzima. Huenda mtasema Marekani ni mbali, yatuhusu nini? Baadhi yetu tuna mabinti walioolewa huko, nao hutupigia simu kutuuliza sisi mama zao tunasemaje.

Tulieleze kwanza jambo lenyewe. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mwanamke anayo haki ya kutoa mimba kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo. Waliopinga uamuzi huo wakatafuta njia ya kuurudisha mpaka ule nyuma. Mwaka 2013, tena mwaka 2015, na tena mwaka 2017, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kukataza utoaji mimba kuanzia wiki ya 20. Kila mara ulikwama Seneti. Mwaka 2018 ulipata kura 51 dhidi ya 46, lakini kwa kanuni za huko zilihitajika 60. Kisha Juni 2022 Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi wake wa mwaka 1973, katika kesi iliyotokana na sheria ya wiki 15 ya jimbo la Mississippi. Septemba ya mwaka huohuo Seneta Lindsey Graham akaleta muswada wa wiki 15 kwa nchi nzima, ukiacha nafasi kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, na mama ambaye maisha yake yamo hatarini. Nao haukupita.

Kwa waheshimiwa waliokaa kwenye viti vyao, 15 na 20 ni namba. Sisi tuliokaa kwenye benchi la kliniki tunajua jinsi namba hiyo inavyopatikana. Nesi hukuuliza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, akaanza kuhesabu kuanzia hapo. Maana yake ni kwamba katika wiki mbili za kwanza za mimba yako, mimba yenyewe haijatungwa! Muswada wa wiki 20 ulihesabu tangu kutungwa kwa mimba, kwa hiyo wiki 20 za sheria zilikuwa wiki 22 za kadi. Tunajiuliza ni wangapi kati ya waliobishana usiku kucha waliolifahamu hilo.

Na ni nani anayeikumbuka tarehe? Mwenzetu mmoja alikuwa bado ananyonyesha mtoto wa tatu, hedhi haijarudi. Alikwenda kliniki akidhani ana miezi miwili. Nesi alimpapasa tumbo, akakuta limefika kitovuni. Wiki 20. Tulicheka sana siku ile. Mumewe hakucheka.

Katika wiki ya 15 mtoto ana urefu wa kama sentimita 10. Ana uso, ana vidole, moyo wake unapiga, ingawa mama wa mimba ya kwanza kwa kawaida bado hajamsikia akicheza. Hatuwezi kusema ni kitu tu. Tumesoma habari za Elisabeti, aliyekuwa katika mwezi wa sita wakati mtoto aliporuka tumboni mwake, na hakuna kati yetu asiyeijua furaha hiyo. Kwa hiyo wengi wetu tuliusikia muswada ule kwa moyo mkunjufu.

Hata hivyo tulipochunguza zaidi, mazungumzo yalibadilika. Huko Marekani zaidi ya asilimia 90 ya mimba zinazotolewa hutolewa kabla au katika wiki ya 13. Sheria ya wiki 15 isingezigusa hizo. Ndiyo maana baadhi ya waumini wa kule waliikataa wakisema inaruhusu mno, na wengine wakaipokea wakisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Ambao ingewagusa ni wachache: msichana aliyeficha tumbo, maskini aliyechelewa kupata fedha, na mama aliyekwenda kupigwa picha ya ultrasaundi katikati ya mimba, akaambiwa neno ambalo hakuna mama anayetaka kuambiwa.

Huyo wa mwisho tunaye kikundini. Aliambiwa mtoto hana fuvu kamili na hataishi. Aliibeba mimba hadi mwisho, akajifungua, mtoto akaishi kwa muda wa saa moja hivi, akapewa jina na kuombewa. Siku zote tulimtaja kwa fahari kama mfano. Alhamisi ile akatuomba tunyamaze. "Nilimshika mwanangu, na sijuti," alisema. "Lakini msinifanye mimi kuwa fimbo ya kumchapia mwanamke mwingine." Chai ilipoa mezani.

Wako waliosema nchi yetu haina habari ya wiki, kwani sheria hukataza kutoa mimba tangu siku ya kwanza, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Ni kweli, ila wiki zimo. Kanuni yetu ya Adhabu, katika kosa la kumwua mtoto anayeweza kuzaliwa hai, inataja wiki 28, hesabu iliyotoka katika sheria ya Waingereza ya mwaka 1929. Wenyewe Waingereza walishusha kikomo chao hadi wiki 24 mwaka 1990, na mwaka 2008 bunge lao likakataa kushuka hadi 22, 20, 16 au 12. Siku hizi wako watoto njiti waliozaliwa kabla ya wiki 28 ambao leo wanakimbia uwanjani. Na pamoja na katazo letu la tangu siku ya kwanza, bado tunawazika wasichana waliokwenda kwa watu wa vijiti na mizizi. Msibani tunaambiwa ni malaria.

Hatukukubaliana. Wengi wetu bado tunaamini kwamba mtoto aliyekwisha kukua alindwe na sheria, na kwamba mama mwenye habari kama ile ya mwenzetu asihukumiwe na watu wasiomjua. Wawili wanaona tumelegea. Tulichokubaliana ni kopo. Kila Alhamisi kila mmoja hutia shilingi 1,000 za nauli, ili binti mwenye mimba apelekwe kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, na mtu mzima wa kukaa naye kwenye benchi.

Mwezi uliopita tulimsindikiza wa kwanza, mwanafunzi wa kidato cha tatu, pamoja na mama yake. Tangu Novemba 2021 wasichana kama yeye wanaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, na hilo hakuwa amelisikia. Nesi aliandika kadi yake: wiki 17.