Kizuri Hakikosi Ila

Nilipoanza kazi ya ufundi katika chumba cha kamera ya gama, mkubwa wangu alinionya: "Mwanangu, jicho la kamera hii ni chumvi. Lichunge." Nilidhani ananitania. Kumbe ndani yake mna bamba la fuwele ya iodidi ya sodiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani, iliyotiwa thaliamu kidogo. Robert Hofstadter wa Marekani ndiye aliyeonyesha uwezo wake mwaka 1948.

Fuwele njema ya kunasia mionzi hudaiwa mengi, msomaji. Sharti iwe nzito, miale ya gama isiipenye na kwenda zake. Sharti itoe mwanga mwingi, na isiumeze mwanga wake yenyewe. Tena kila mmweko ufifie upesi, usichanganyike na unaofuata. Katika fuwele hii hufifia kwa takriban robo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ila yake ni moja: hunyonya unyevu wa hewa. Ndiyo maana hufungiwa ndani ya kasha la alumini lenye dirisha la kioo.

Asubuhi moja, kwa haraka zangu, niliruka ukaguzi wa kila siku wa kamera. Akaja mama mmoja kupigwa picha ya tezi ya shingo. Katika picha pakaonekana doa tupu. Doa la namna hiyo huweza kuwa saratani. Mama aliusoma uso wangu, akauliza, "Kuna nini, mwanangu?" Nikakosa la kumjibu. Nikamsogeza kidogo, nikapiga tena. Shingo ilihama kwenye picha. Doa likabaki palepale. Mgonjwa alikuwa kamera. Unyevu ulikwisha kupenya, fuwele ikaanza kufubaa.

Ipo fuwele nyingine, ya bismuthi na jemaniamu, nzito karibu mara mbili, wala haijali unyevu. Lakini mwanga wake ni kama robo tu wa ile ya chumvi. Hakuna iliyopewa yote.

Basi mwenye kazi hutafuta chombo ambacho ila yake anaijua, kisha akailinda kila siku. Ila ya fuwele niliambiwa tangu siku ya kwanza. Ila yangu, haraka, nilionyeshwa na macho ya mama yule.