Ganzi

Kwa miaka mitatu nilikunywa maji kwa upande mmoja wa mdomo. Ukinikuta mgahawani ungedhani ni madaha: nainamisha kichwa kidogo, nameza taratibu, sitabasamu mpaka glasi irudi mezani. Ukweli ni kwamba meno yangu ya mbele ya juu yalikuwa hayataki maji baridi, hayataki chai ya moto, hayataki lile embe bichi la chumvi na pilipili tunalouziwa stendi. Kwenye bodaboda nilikaa nimefumba mdomo, maana hata upepo ulikuwa unauma.

Sikwenda kwa daktari wa meno. Maumivu nilishayazoea na chanzo chake nilikijua. Nilichoogopa ni mtu mwingine kukijua.

Nilianza kujitapisha nikiwa na miaka 19, mwaka wa kwanza chuoni. Likizo ya kwanza mjomba alinipokea mlangoni akapiga makofi: "Umejaa! Chuo kimekupenda." Kwetu hiyo ni sifa. Mimi nilisikia kitu kingine, na nikarudi nacho hosteli. Mitihani ilipokaribia nikawa nakula usiku, si kwa njaa: mkate mzima, chipsi za watu wawili, mandazi yaliyolala. Kisha bafuni, bomba limefunguliwa ili wenzangu wasisikie. Kisha mswaki, papo hapo, kwa nguvu, kwa sababu nilitaka kuwa msafi.

Nyumbani tulikolelewa, msichana anayetapika ana malaria au ana mimba. Jibu la tatu halipo. Nililipata mwenyewe kwenye simu: bulimia. Nikasoma kwamba ni daktari wa akili wa London, Gerald Russell, aliyeueleza ugonjwa huo na kuupa jina mwaka 1979. Nilifarijika kuwa una jina. Lakini jina lilitoka London, na mimi nilikuwa Dar es Salaam kwenye foleni ya bafu, na sikuona nani ningemtajia asicheke.

Mama ndiye niliyemficha kuliko wote, na sababu ni meno.

Mama yangu alikulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Maji ya eneo lile yana floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaumbika ndani ya ufizi, yanaota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Mama hucheka ameziba mdomo kwa kiganja. Katika picha zake za harusi hakuna hata moja aliyoonyesha meno. Nilipozaliwa mimi Dar na meno yangu yakaota meupe, aliyachukua kama mali. Kila usiku alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye taa, akakagua. "Haya ni yangu," alikuwa akisema. "Wewe umebebeshwa tu."

Niliacha kujitapisha nikiwa na miaka 23, kwa msaada wa mshauri nasaha, na si kwa siku moja. Nilidhani nikiacha, mwili wote utarudi. Nywele zilirudi. Meno hayakurudi. Ncha zake zilikuwa nyembamba kama karatasi, na moja likamegeka nikila muhogo. Siku hiyo nikaishiwa visingizio.

Daktari alikuwa mama wa makamo, umri wa mama yangu. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu, keti." Akawasha taa, akaingiza kioo chake kidogo, akakaa kimya muda mrefu.

"Unakunywa soda sana?"

Nikatikisa kichwa.

"Ndimu? Ukwaju? Unasumbuliwa na kiungulia?"

Alikuwa ananifungulia milango ya kutokea, na kila mmoja ulikuwa wa heshima. Ningeweza kusema kiungulia na mambo yakaisha pale. Lakini alikuwa ameshika kioo, na akanionyesha: meno ya juu yalikuwa yameliwa kwa nyuma, upande wa ulimi. "Asidi iliyofanya hivi," akasema, "mara nyingi inatoka tumboni."

Nikasema, "Nilikuwa najitapisha."

Maneno mawili. Natapika ni ugonjwa, mtu yeyote anaweza kulisema. Ile ji ndiyo iliyonishinda miaka yote.

Hakushtuka. Aliuliza, "Bado?"

"Hapana. Mwaka na nusu sasa."

"Hongera," akasema, kama mtu anayempongeza aliyehitimu, kisha akaendelea na kazi. Akanieleza kwamba enameli, lile tabaka gumu la nje, ikishaliwa haioti tena. Kilichobaki kinaweza kulindwa. Kwamba asidi ya tumboni hulainisha jino, na kupiga mswaki muda huo huo ni kulisugua likiwa laini. Usafi wangu wote wa bafuni ulikuwa umeongeza hasara. "Ikitokea tena," akasema, "sukutua kwa maji yenye kijiko kidogo cha baking soda, subiri kama saa moja, ndiyo upige mswaki." Alilisema hilo "ikitokea tena" kwa sauti ile ile aliyonitajia mswaki laini. Hakuna mtu aliyewahi kuniachia nafasi ya kuanguka bila kunitisha.

Akanipaka floridi. Kitu kile kile kilichoyatia madoa meno ya mama yangu kwa kuzidi, kwangu kilikuwa dawa kwa kipimo. Wiki iliyofuata akaanza kuyafunika meno kwa utomvu maalumu wa rangi ya jino, moja baada ya jingine. Bima haikugusa gharama hiyo, nikalipa kwa awamu.

"Nikuchome ganzi?" aliuliza kabla ya kuanza. Nikataka kucheka. Jino likila ukwaju tunasema limeingia ganzi, yaani linahisi kupita kiasi. Sindano ya kutohisi chochote nayo tunaiita ganzi. Miaka ile nilikula ili nipate ganzi ya sindano, ikaniachia ganzi ya ukwaju.

Jumapili moja nikamwambia mama, jikoni, nikiwa nimempa mgongo. Aliuliza kama ni mwanamume. Aliuliza kama nilirogwa. Nikamjibu yote, hapana na hapana. Kisha akanyamaza, na nikasubiri aseme kuhusu meno yake niliyobebeshwa.

"Yanauma bado?"

"Maji baridi tu."

Hakusema zaidi. Lakini tulipokaa kula, aliliondoa jagi la maji ya friji mbele yangu, akaniletea jingine la maji ya mtungi. Bado ananiongezea wali bila kuniuliza, na bado kuna siku nahesabu vijiko. Na kila Jumapili nikifika, majagi mezani ni mawili.