Upepo mmoja, safari mbili



Baada ya Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, vijana kadhaa walitujia na swali. Walikuwa wameona katika televisheni mashindano ya ubao wenye tanga, yaliyofanyika katika bahari ya Marseille, wakataka kujua kwa nini mabingwa wakubwa wa mchezo huo, ambao picha zao huwaonyesha wakipaa juu ya mawimbi ya Hawaii, si hao wanaovikwa medali. Swali lilitupendeza, maana sisi watu wa pwani hudhani kwamba anayelijua tanga analijua popote.

Tuanze na majina. Robby Naish wa Hawaii alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 13 tu. Antoine Albeau wa Ufaransa, mwenye mataji ya dunia zaidi ya 20, alifikia kasi ya noti 53.27 huko Lüderitz, Namibia, mwaka 2015. Hiyo ni karibu kilomita 99 kwa saa, juu ya ubao! Wote wawili hawakushindana katika Olimpiki. Wengi hudhani sheria iliwazuia. Ni kweli kwamba mchezo huu ulipoingia Olimpiki mwaka 1984, huko Los Angeles, bado kulikuwa na masharti juu ya wachezaji wanaolipwa. Lakini masharti hayo yaliondoka zamani, na mabingwa hawakumiminika.

Sababu ya kwanza imo katika kazi yenyewe. Mchezaji wa kulipwa hungoja upepo mkali, ndipo ashindane kwa kasi au kwa kuyachezea mawimbi. Olimpiki ina tarehe zake, nao upepo hauulizwi. Mwaka 2008 huko Qingdao, China, upepo ulikuwa dhaifu mno, na kanuni ziliruhusu mchezaji kulivuta na kulisukuma tanga kwa mikono bila kukoma ili ubao usonge. Hapo ushindi ulitegemea mapafu na miguu, kama kwa mpiga makasia, na mwili mzito ulio faida katika upepo wa Lüderitz uligeuka mzigo. Tena kulikuwa na kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kukata huku na huku, ufundi ambao manahodha wetu wa majahazi wanauelewa kuliko sisi tunaouandika. Ufundi huo haujifunzi kwa msimu mmoja.

Sababu ya pili ni mkate. Bingwa wa kulipwa huishi kwa mikataba ya makampuni yanayotengeneza mbao na matanga. Yeye ndiye tangazo lao. Olimpiki nayo hutaka wote watumie chombo cha aina moja. Tangu mwaka 2008 hadi Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, chombo hicho kilikuwa RS:X cha kampuni ya NeilPryde. Mwenye mkataba na kampuni shindani angefanya nini? Aliweke kando tanga linalomlisha, afanye mazoezi kwa miaka kadhaa juu ya tanga la mwingine, huku familia ikingoja? Hatuoni uvivu wala dharau katika kukataa kwake. Na hata aliyekubali hakuwa na uhakika: mwezi Mei mwaka 2012 shirikisho la mchezo huo liliamua kuuondoa ubao wa tanga katika Michezo ya 2016 na kuweka ule unaovutwa kwa tiara, kisha mwezi Novemba likatengua uamuzi wake. Miezi sita ya namna hiyo ni mirefu kwa mtu aliyekwisha acha mshahara.

Mambo yamebadilika kiasi. Kwa Michezo ya 2024 kilichaguliwa chombo kiitwacho iQFoil, chenye bawa chini ya maji linaloinua ubao hewani hata upepo ukiwa mdogo. Chombo hicho kinafanana zaidi na vile vya wachezaji wa kulipwa, na baadhi yao walivuka: Sebastian Kördel wa Ujerumani alikuwa Marseille, vivyo hivyo Nicolas Goyard wa Ufaransa. Medali ya dhahabu ya wanaume, hata hivyo, ilikwenda kwa Tom Reuveny wa Israeli.

Hata mlango ukifunguka, ni mwembamba, kwa kuwa kila nchi hupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja tu. Katika mashindano ya kulipwa Wafaransa kumi wanaweza kushindana siku moja, na ndugu wawili wakawa pamoja majini. Nicolas ana kaka yake, Thomas, aliyepata medali ya fedha huko Tokyo juu ya RS:X. Marseille, bahari ya nchi yao wenyewe, nafasi ya Ufaransa kwa wanaume ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya mdogo.