Mpwa, Mashine Situmi

Ndugu zangu wa Magunga,

Juzi alfajiri, baridi ya hapa Herefordshire, Uingereza, ikinikata masikio, mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Salamu sekunde kumi, zilizobaki mashine. Anataka ditekta: si ile fimbo ya bawabu wa benki, bali ile ya kunusa chuma ardhini. Yeye na wenzake wamekata shauri kuipitisha usiku Thimlich Ohinga, yale maboma ya kale ya mawe. "Mjomba, wazee hawakujenga kuta zile kulinda mawe matupu."

Nilicheka. Kisha hasira ikapanda.

Huku mashine hizo huuzwa kama majembe. Jumapili utawaona wastaafu mashambani, wakitembea polepole kama mtu aliyeangusha sindano. Ila wameshabisha hodi kwa mwenye shamba. Kwenye eneo la kale linalolindwa, kuitumia bila kibali cha maandishi ni kosa kwa sheria ya 1979. Dhahabu au fedha ya zaidi ya miaka 300 hutangazwa ndani ya siku 14 kwa koroneri, afisa yuleyule anayechunguza vifo vya utata. Mwaka 2009 jamaa mmoja wa Staffordshire aliibua dhahabu ya Waanglo-Saksoni, akaitangaza. Ikanunuliwa kwa pauni milioni 3.285, akagawana na mwenye shamba. Huku karibu na Leominster, wawili waliifukua hazina ya enzi za Waviking mwaka 2015, wakaificha sehemu kubwa, sarafu zikaanza kuuzwa chini kwa chini. Mwaka 2019 mmoja alihukumiwa miaka 10, mwenzake 8 na nusu, ingawa rufaa ilipunguza.

Huku hodi kwanza, shimo baadaye. Kwetu, omera, shimo kwanza, hodi inabishwa na polisi.

Na msiniambie hayo ni ya Wazungu. Sheria yetu ya Kenya, ya Makumbusho na Turathi ya 2006, inadai leseni kwa yeyote anayesaka vitu vya kale, hata kama anapekua juu juu tu, hata nje ya eneo lililolindwa. Cha kale kilicho ardhini ni cha serikali. Hapo mpwa ana haki ya kunung'unika: mgao wa Staffordshire kwetu haupo, na kijana asiye na kitu haoni kwa nini aseme. Nakubali. Lakini si sababu ya kubomoa.

Kwani atapata nini? Katika boma la Kochieng, mojawapo ya maboma ya Thimlich, kulikuwa na wahunzi. Mashine italia usiku kucha, naye atafukua mavi ya chuma! Shanga za kioo zilizopatikana pale zina maana kwa sababu inajulikana zilitoka udongo gani, kina gani. Ndizo zinazotuambia wakazi wa pale walifanya biashara na watu wa mbali. Ukiing'oa gizani inabaki shanga tu. Na kuta zile zimesimama bila udongo wala saruji tangu karne ya 16 hivi. Chimba chini yake uone.

Sasa sikilizeni. Ukikuta kitu ukilima, kiache palipo, piga picha, wajulishe Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Kibali cha kuchimba dhahabu Macalder hakifai Thimlich. Dalali akija na gari la vioo vyeusi akiuliza "vitu vya zamani", mpelekeni kwa chifu.

Mpwa, mashine situmi. Nimetuma nauli na pesa ya tiketi, uende Thimlich mchana. Nawe mpe mama omena kilo mbili, zilizokauka vizuri, kuna mtu wa kuniletea anapanda ndege mwezi ujao.