Kikifa, Nani Atakifungua?

Hapa Nakivale tumezoea kuletewa. Nguo zinakuja na saizi zao, daftari zinakuja na idadi yake, hata mpira unakuja na rangi waliyoipenda wao. Kwa hiyo mwaka jana, rafiki mmoja wa kituo chetu cha vijana alipotuandikia kwamba ana dola 400 za vyombo vya muziki na tuchague wenyewe, nilisoma ile meseji mara tatu. Tuchague wenyewe!

Mimi nilishajua ninachotaka. Nilikuwa nimeona video za Brian Bamanya wa Kampala, anayejiita Afrorack. Yeye aliunda sintesaiza ya moduli kwa mikono yake, maana za dukani ni ghali mno. Kwa ambaye hajaiona: si kinanda, haina vibao vyeusi na vyeupe. Ni kasha lenye visanduku vidogo vingi, kila kimoja na kazi yake. Kimoja kinatoa mlio, kingine kinauchuja, kingine kinaufungua na kuufunga kama mlango. Wewe ndiye unaviunganisha kwa waya. Usipounganisha, kimya.

Usiku ule nilikaa na simu mpaka chaji ikaisha, nikaandika orodha. Asubuhi nikawaonyesha vijana kwa mbwembwe. Wakanyamaza. Halafu mmoja wa miaka 17, anayetengeneza simu na redio kule Base Camp, sisi tunamwita Fundi, akauliza kwa upole, "Yaya, na umeme unaingilia wapi?"

Kumbe sikuandika kasha wala pawasaplai. Moduli za Eurorack, ule mfumo alioanzisha Dieter Doepfer wa Ujerumani miaka ya 1990, zinataka volti 12 chanya na volti 12 hasi. Huwezi kuzichomeka tu kwenye betri ya sola. Fundi akaendelea kusoma. "Na hizi tatu zote ni za mwangwi. Mwangwi wa nini, yaya, kama hakuna mlio?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini moyoni iliniuma. Nilikuwa nimefanya kile tunachowalaumu wengine kila siku: kuwachagulia watu bila kuwauliza.

Kisha Fundi akaelekeza kidole kwenye kona, kwenye kile kinanda cha msaada kilichofunikwa kitenge. Kiliungua mwaka mmoja baada ya kuletwa, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Akasema, "Hicho kipya nacho kikifa, nani atakifungua?"

Tukaanza upya, wote pamoja. Kwanza tuliweka VCV Rack kwenye kompyuta kuukuu ya kituo. Ni programu ya bure, ni sintesaiza ya moduli ndani ya skrini. Waya unazivuta kwa mausi. Ile kompyuta ilipiga feni kama lori linapanda mlima, lakini tukiweka moduli chache ilikubali. Wiki sita tulijifunza humo, na ukiacha bando la kuipakua, hatukutoa hata shilingi. Hapo ndipo nilielewa kwamba ili upate sauti moja kamili, vitu vinne vinatosha kuanzia: osileta ya kutoa mlio, filta ya kuuchuja, VCA ya kuufungua na kuufunga, na envelopu inayoamua upande haraka au polepole, na ushuke vipi. Madoido yatangoja.

Dada mmoja wa kwaya akaongeza lake. Wadogo hawatasubiri somo la waya, alisema, wanataka kusikia kitu palepale. Ndipo tukajua kuna vyombo vya semi-modula. Ndani vimeshaunganishwa, ukiwasha vinalia bila waya hata mmoja, ila vina matundu ukitaka kubadilisha njia. Mother-32 ya Moog ni ya namna hiyo. Ilizidi mfuko wetu, lakini ilituonyesha tutafute nini.

Siku ya kura tulikuwa 23. Tulichagua chombo kidogo cha namna hiyo, waya nane, spika moja, na kwa pesa iliyobaki chuma cha kulehemu na mita ya kupimia umeme. Ile orodha yangu ya kwanza haikupata kura, hata yangu mwenyewe.

Chombo chetu hakina kumbukumbu. Ukichomoa waya, wimbo umekwenda. Jioni ya kwanza yule dada alipata mlio mzito, kama ngoma inayopigwa ng'ambo ya ziwa, akakataa mtu asiguse. Ikabidi tuweke sheria: kabla ya kuchomoa, chora kwenye daftari kila waya umetoka wapi na umeingia wapi. Daftari sasa lina michoro 41, na karibu kila mmoja una jina la aliyeuchora.

Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, siku mtakapotuletea kitu, njooni na lile swali la Fundi.

Kuhusu kile kinanda, kitenge kimetolewa. Wiki iliyopita Fundi alifungua skrubu nne za kwanza.