Swali Tulilochelewa Kumwuliza Mwanetu

Ijumaa moja ya Agosti 2023, jua likikaribia kutua, kijana wetu aliingia nyumbani na mkoba mmoja begani. Mkewe alikuwa amemshtaki kwa polisi kwamba amempiga, na shemeji yake mmoja alikuwa ametamba kuwa ana rafiki pale kituoni.

"Wanataka kunikamata leo ili nilale ndani mpaka Jumatatu," akatuambia.

Kila mzazi anajua hofu iliyotuingia. Katiba ya Kenya ya 2010 yasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24. Lakini saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, hungoja mpaka siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana wengi huiogopa Ijumaa. Usiku ule tuliamua kumwuza mtamba wetu, tumtafutie mwanetu dhamana ya kabla ya kukamatwa, ambayo jirani alikuwa ametusimulia.

Asubuhi tulimwendea wakili, mama mtu mzima. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatueleza pole pole. Dhamana hiyo huombwa Mahakama Kuu. Anayeiomba lazima aonyeshe kwa mambo ya hakika kwamba polisi wanatumiwa vibaya na haki zake zimo hatarini. Ni ngao njema kwa anayeandamwa kwa chuki tu, awe mume au mke. Kwani wako wake wanaotishiwa kukamatwa kwa "wizi" kwa sababu waliondoka na vyombo vyao. Lakini kuogopa kukamatwa peke yake hakutoshi, na hata dhamana ikitolewa haifuti kesi.

Kisha akamgeukia kijana. "Je, ulimpiga?"

Kijana akainama. Sisi nasi tukainama, kwa sababu tulikuwa tunajua. Siku ya Pasaka mkaza mwana wetu alikuja kwetu amejifunga kitambaa mpaka karibu na macho, na jicho moja limevimba. Tulimpa chai, tukamwambia avumilie, kwamba hata sisi tulivumilia. Mwanetu hatukumwuliza neno.

Wakili hakutukemea. Alisema majigambo ya shemeji si ushahidi. Afadhali kijana ajipeleke kituoni Jumatatu, naye wakili akiwa pamoja naye, aandikishe maelezo yake na kuomba dhamana ya polisi. Alimwonya pia asimpigie mkewe simu, wala asitume wazee wamshawishi aondoe mashtaka.

Jumatatu akaenda, na jioni akarudi kwa dhamana. Mbele ya hakimu alikiri kosa, na mwaka 2024 akapewa kifungo cha nje. Mtamba tulimwuza vile vile, ila fedha zilikwenda kulipia matibabu ya jicho lile.

Kesi ilipokwisha ndipo tulipokwenda kwa wakwe zetu. Hatukwenda kumrudisha mke wa mtu. Tulikwenda kumwomba radhi kwa chai ile ya Pasaka. Alitusikiliza akiwa amesimama, mtoto mgongoni. Halafu akasema, "Siku ile nilikuja kwenu nikidhani nimefika."

Hatukuwa na la kujibu. Mpaka leo wanaishi mbalimbali, ingawa wajukuu huja kwetu wakati wa likizo, na mama yao hutusalimu vizuri anapowaleta.

Akina mama wenzetu, sheria inaweza kumkinga mwanao asionewe. Haiwezi kuifanya kazi ya mzazi. Mkaza mwana akikujia na jicho lililovimba, usimwahi kwa neno la kuvumilia. Mkalishe, msikilize, mpeleke hospitali. Kisha mwite mwanao siku hiyo hiyo, umwulize swali lile ambalo sisi tulingoja mpaka likaulizwa na wakili.